UZI MAALUMU: Kula Tanga mjini saa kwa saa, kuanzia supu ya alfajiri hadi mishkaki ya Ngamiani

#1 Mkaazi_Ngamiani

Wakuu, kila anayeulizia chakula cha pwani anaelekezwa Forodhani ya Unguja, Kariakoo au Mombasa. Tanga hutajwa kwa mkonge, machungwa na bandari, basi. Mgeni anashuka stendi ya Kange, anauliza mgahawa mzuri uko wapi, anapelekwa kwenye nyumba ya wageni yenye chipsi kuku, na kesho yake anaondoka akisema Tanga hakuna cha kula.

Chakula kipo, tena kizuri mno. Ila Tanga chakula hakina kibao, kina saa. Baraza moja alfajiri ni ya supu na chapati. Saa 4 asubuhi imeshafagiwa, haina hata benchi. Saa 10 jioni amekaa mama na karai la bajia, na saa 2 usiku pale pale pana jiko la mishkaki. Ukipita saa isiyo yake utaona ukuta tu. Ndiyo maana naufungua uzi huu kwa saa, siyo kwa majina ya sehemu.

Eneo la kuanzia ni Ngamiani, kwenye barabara za namba. Zimepangwa sambamba kuanzia Barabara ya 1 hadi ya 21, hivyo hupotei: ukiambiwa "kumi na mbili, kona ya msikiti" unahesabu mpaka unafika.

Saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi ni supu. Ya mbuzi au ya ng'ombe, na ya makongoro kwa wanaoitaka nzito. Sufuria imekaa motoni usiku kucha, kwa hiyo bakuli za mwanzo ndizo zenye nguvu. Kuanzia saa 3 muuzaji huanza kuongeza maji ya moto na chumvi. Angalia macho ya mafuta juu ya supu: yakiwa mapana na machache, supu bado ni yenyewe. Yakiwa vidoa vidogo vidogo vilivyotawanyika na supu imepauka, imeshaongezwa maji. Chukua na chapati na ndimu. Asiyetaka nyama asubuhi atapata uji, vitumbua, na maharage ya nazi kwa mandazi au mkate wa ajemi.

Mkate wa ajemi una dakika zake. Unabandikwa kwenye ukuta wa tanuri, unatoka umevimba na madoa meusi ya moto. Kwa nusu saa ya kwanza ni laini na unapasuka vizuri, na baada ya saa moja unakuwa kama ngozi. Kwa hiyo usinunue kwenye meza ya mtu wa kati, fuata tanuri lenyewe, na subiri mkate unaotoka hata kama kuna uliopangwa pembeni.

Saa 6 hadi saa 8 mchana ni hoteli za wali, kwa maana yetu ya hoteli, yaani pa kula. Uliza kwanza "leo kuna samaki gani?" kabla ya kuuliza bei. Akikutajia jina (changu, tasi, kolekole) kaa. Akijibu "samaki tu", chukua maharage.

Saa 10 jioni hadi magharibi ni vya karai: bajia za kunde, kachori, katlesi, sambusa, mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya ukwaju. Na kahawa chungu kwa kashata, pale wazee wanapocheza bao.

Kuanzia saa 1 usiku ni makaa: mishkaki, pweza, mihogo ya kuchoma. Wataalamu wa samaki na nazi nawaachia nafasi, wanajua kuliko mimi.

#2 Mgeni_wa_Bandari

Mkuu ubarikiwe. Nina kazi ya wiki 2 upande wa bandarini, mapumziko ya mchana ni dakika 40. Kwenda Ngamiani kula na kurudi sidhani kama inatosha. Watu wa kule wanakulaje?

#3 Mkaazi_Ngamiani

Mkuu, hapo ndipo mji ulipobadilika zaidi. Kina mama wa Makorora, Mabawa na Mikanjuni wanapikia nyumbani na kuuza kwa simu. Kwa kawaida menyu inawekwa kwenye status ya WhatsApp kama saa 3 asubuhi, oda zinafungwa saa 5, bodaboda anagawa kati ya saa 6 na nusu na saa 7 na nusu. Unalipa kwa simu. Mambo matatu ya kuzingatia:

Agiza kabla ya saa 4. Anayeagiza saa 5 na robo huongezewa kwenye sufuria iliyokwisha kupimwa, na kinachopungua siku zote ni kitoweo, wali haupungui.

Sema wazi "mchuzi pembeni". Wali wa nazi ukifungwa pamoja na mchuzi ukakaa kwenye boda dakika 20 unafika umekuwa bokoboko.

Nunua hotpoti lako dogo la sahani 1. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kubeba mchuzi kumekuwa shida, na vile vyombo vyembamba vya kutupa vinalegea kwa mafuta ya moto. Wapishi wengi wanapenda mteja mwenye chombo chake, maana gharama ya kufungia inawapungukia. Mpe leo, kesho anakurudishia kimejaa.

Majina ya wapishi siweki humu kwa sababu ni namba za watu binafsi. Uliza walinzi na makarani hapo kazini, kila ofisi ina mama yake.

#4 Nahodha_Sahare

Naomba niingie kwenye samaki, maana wengi wanalaumu mpishi kwa kosa la kalenda.

Soko la kuanzia ni Deep Sea, wanaposhusha. Lakini kabla hujatoka nyumbani tazama mwezi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hutoka sana, mwamba unabaki wazi, na watu wanatembea kwa miguu kuchokoa pweza. Ndiyo siku za pweza mwingi na mbichi. Katikati ni maji mafu: mwamba haukauki vizuri, na pweza unayemkuta mezani ana nafasi kubwa ya kuwa wa barafu. Wa barafu si mbaya, ila usilipe bei ya mbichi.

Dagaa wana hesabu nyingine. Wanavuliwa kwa taa, hivyo wanataka giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, boti nyingi hulala. Kwa hiyo mbalamwezi ni wiki ya pweza, na mwezi mwandamo unapata vyote viwili.

Halafu upepo. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia na jodari na nguru hupatikana kwa wingi. Kusi likianza kuvuma sawasawa, Juni na Julai, ngalawa ndogo hazitoki kila siku na bei inapanda. Msimu huo mtu mwenye busara anakula samaki wa ndani ya mwamba, tasi na changu, au ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa.

Kumpima samaki: jicho liwe limejaa na la wazi, matamvua mekundu yasiyo na utelezi wa kahawia, nyama ikibonyezwa irudi. Zamani ilibidi tuongeze kipimo cha baruti. Samaki wa baruti ukimpasua utakuta damu imevuja tumboni, uti wa mgongo umeachana na nyama, na nyama inavunjika kama mkate uliolowa. Uvuvi huo ulipungua sana baada ya msako mkali wa miaka ya karibuni, lakini jicho lisisahau. Ukimkuta wa namna hiyo usimnunue hata kwa nusu bei, maana baruti moja inaua na mwamba wenyewe, na mwamba ndio jiko la mji huu.

Jambo la afya ambalo halisemwi: jodari, vibua na nguru walioachwa juani hutengeneza sumu ambayo moto hauiondoi. Dalili zake ni ulimi kuwasha kama umelamba pilipili manga, uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga, ndani ya saa 1. Watu husema "nina aleji na jodari", kumbe alikaa bila barafu. Samaki wa jamii hiyo nunua asubuhi tu, na awe juu ya barafu. Changu na tasi hawana tatizo hilo, ingawa nao huoza.

Na kasa, tafadhali, hapana. Ni kosa kisheria, na nyama yake inaweza kuua. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, walikufa watu 9 baada ya kuila, 8 wakiwa watoto. Bahari yetu na ya Pemba ni moja.

Pweza wa mezani: anayejua kazi hampiki kwa maji mengi. Pweza anatoa maji yake mwenyewe. Anawekwa kwenye sufuria na kikombe 1 cha maji, ndimu, tangawizi, bila chumvi, anafunikwa moto mdogo dakika 45 hadi saa 1. Chumvi huwekwa mwishoni, na kidogo, kwa sababu pweza mwenyewe ana chumvi ya bahari na ule mchuzi unapokauka ukali wake unaongezeka. Kilo 2 mbichi hutoa karibu kilo 1 iliyoiva, kwa hiyo usishangae bei ya kipande. Akiwa mgumu, hajaiva, bado anahitaji muda. Akiwa ananyambuka na ngozi imevuka yote, amepitiliza. Supu yake inywe ikiwa ya zambarau nzito. Nyeupe ni maji.

#5 Binti_Makorora

Mzee Nahodha shikamoo, umetufundisha. Mimi niseme kuhusu nazi, kwa sababu ndiyo inayotenganisha chakula cha Tanga na cha mahali pengine, na ndiyo inayoharibika upesi.

Sokoni Mgandini na Makorora siku hizi kuna mashine za kukuna nazi. Zimerahisisha kazi sana, lakini zina makosa mawili. Mkunaji asiyekuwa makini anapitisha nyama mpaka kwenye lile ganda la kahawia la ndani. Tui linatoka la kijivu na lina uchungu kwa mbali. Mwambie aache kabla hajafika kwenye wekundu. La pili, nazi iliyokunwa saa 2 asubuhi ikikaa kwenye joto letu, saa 7 imeanza kuchacha. Kwa hiyo ukila mahali wali wa nazi una ukakasi, mchele hauna kosa. Mpishi alikuna mapema akachelewa kukamua.

Kukamua: nazi 1 kubwa, maji ya moto nusu kikombe, kamua, chuja. Hilo ndilo tui zito, kikombe 1 hivi. Rudia kwa vikombe 2 vya maji upate tui jepesi. Jepesi ndilo la kupikia, zito ni la kumalizia. Likiingia zito, moto upunguzwe na mwiko usitoke, likichemka kwa fujo linakatika. Ukiona mchuzi una mafuta juu na chembe chembe chini kama maziwa yaliyoganda, ndilo hilo. Kuna wanaouwahi kwa kijiko cha unga wa mchele uliokorogwa kwa maji baridi. Unaonekana mzima, ladha hairudi.

Samaki wa kupaka ndio mtihani wa hoteli yoyote ya hapa. Chukua tasi au changu wa karibu gramu 700, mchanje mara 3 kila upande, ndimu, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, akae dakika 30. Achomwe mpaka aive robo tatu bila kupakwa kitu. Pembeni tui zito kikombe 1, bizari nusu kijiko cha chai, pilipili mbichi, ukwaju kijiko 1 cha chakula, vinapikwa mpaka viwe vizito kama uji wa mtoto. Hapo ndipo anapakwa, upande mmoja, anageuzwa, mara 3 au 4, juu ya makaa yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Wanaoharibu wanapaka tangu mwanzo. Tui linaungua nje kabla samaki hajaiva ndani, unaletewa kitu cheusi chenye damu kwenye mfupa. Ukiona samaki ana michirizi ya njano inayong'aa na vidoa vichache vya kahawia, huyo amepikwa na mtu mwenye subira.

Mkate wa kumimina nao, kwa wanaokuja na watoto. Vikombe 2 vya mchele uliolowekwa usiku, tui zito kikombe 1 na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki, ute wa yai 1. Vinasagwa mpaka mchele usisikike kati ya vidole, vinaumuka kama saa 1 hivi. Moto wa chini kwanza, kisha makaa juu ya kifuniko. Ukibonyea katikati, uliumuka kupita kiasi. Ukiwa na ladha ya pombe, vilevile. Ukiwa na tabaka gumu jeupe chini, mchele haukusagika, ukazama. Mkate mzuri ukikatwa una matundu yaliyosimama wima kama mzinga wa nyuki. Mwambie muuzaji akate mbele yako.

Bajia za kunde kwa ufupi: kunde ziondolewe maganda, zilowekwe kwa muda wa saa 4 hadi 6, zisagwe kwa maji kidogo sana, chumvi iwekwe dakika ya mwisho kwa sababu inavuta maji. Bajia iliyonywa mafuta ilitokana na unga mwepesi au karai la baridi. Tazama tu: ikitumbukizwa ikazama na kukaa chini, ondoka. Inatakiwa iibuke ndani ya sekunde 2 au 3.

#6 Mvita_1

Salamu kutoka ng'ambo ya Horohoro. Sisi Mombasa tuna mahamri na mbaazi za nazi, na viazi karai. Nikivuka kuja kwenu, ni kipi nile ambacho kwetu sikipati? Msinipe biriani, biriani tunayo.

#7 Binti_Makorora

Karibu sana kaka. Biriani kweli baki nayo. Kula maharage ya nazi kwa mkate wa ajemi uliotoka tanurini, bada kwa kisamvu, na maziwa ya mgando ya hapa. Mbaazi za nazi tunazo, ila sisi twazila na mandazi yasiyo matamu sana, iliki kidogo. Utaona tofauti kwenye sukari.

#8 Mgosi_wa_Mlalo

Dada kataja bada, nami nishike hapo hapo. Mji unalishwa na nyuma yake, na watu hawapaoni.

Bada ni ugali wa muhogo. Ukipikwa sawasawa unavutika na una rangi ya lulu. Ukiwa na uchungu unaobaki kooni, usimalize: mihogo michungu haikulowekwa wala kukaushwa ipasavyo kabla ya kusagwa, na sumu yake si jambo la mzaha. Kisamvu chake kinatwangwa, kinachemshwa kwanza bila kufunikwa angalau nusu saa, ndipo nazi iingie. Vijumba vingi vya chakula upande wa Pongwe na njia ya Muheza wanapika bada mchana, Ngamiani ni kwa nadra, uliza.

Mchele: mahali wanapotumia mchele wa Mombo, wali una harufu yake, lakini ukiwa mpya wa mavuno unataka maji pungufu. Kikombe 1 cha mchele kwa kikombe 1 na robo badala ya 1 na nusu. Ukikuta wali umeshikana mwezi mzima hoteli ile ile, mpishi hajabadilisha kipimo tangu mchele wa zamani uishe.

Mboga na matunda ya baridi hushuka kutoka Lushoto. Karoti, kabichi, plamu na pichesi hufika asubuhi, kwa hiyo kachumbari na saladi ni za mchana, siyo za usiku. Ya usiku mwambie akate upya.

Machungwa ya Muheza: wageni wanakataa ya kijani wakidhani hayajaiva. Chungwa linageuka manjano likipata usiku wa baridi, na Muheza hakuna baridi hiyo. Linaiva likiwa kijani. Pima kwa uzito: lililo zito mkononi na ganda jembamba lina maji. Jepesi lenye ganda nene, hata likiwa la manjano, ni makapi matupu.

#9 Mtaalamu_Makaa

Mgosi umeua. Mimi niseme ya usiku na mabadiliko.

Mishkaki kwanza. Kilo 1 ya steki, vipande vya sentimita 2 hadi 3, tangawizi na kitunguu saumu kijiko 1 cha chakula kila kimoja, ndimu 1, chumvi, na papai bichi lililokunwa vijiko 2. Papai linavunja nyama, ndiyo kazi yake, kwa hiyo muda usizidi saa 2. Wanaoloweka tangu asubuhi wanauza nyama yenye unga unga, ukitafuna haina nyuzi. Mafuta kidogo kati ya kipande na kipande ni lazima, bila hayo kijiti kinakauka. Makaa yawe ya kijivu. Ukiona mwali unapanda na anapepea kwa nguvu, utapewa masizi.

Sasa mwelekeo wa mji. Kuna mambo matatu yanayoonekana. Kazi za bandari na za mradi wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kuja Chongoleani, kilomita 1,443, zimeleta watu wanaokula nje mchana kila siku, na sahani za mchana zimekuwa kubwa na za haraka: wali, maharage, mboga, kipande. Zimesaidia kina mama wengi, ila zimepunguza vyakula vya kusubiri kama samaki wa kupaka. Kama unamtaka mchana, agiza asubuhi.

La pili ni gesi. Tangu agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa mwaka 2024, hata hoteli ndogo zisizoguswa na agizo zinahamia. Kwa wali na mchuzi, gesi ni bora na jiko halina moshi. Kwa mkate wa kumimina na mishkaki bado makaa yana kazi, kwa sababu moto wa juu haupatikani kwenye plate. Si ushabiki wa ukale, ni joto linakotokea.

La tatu chipsi. Wakuu tusizidharau. Chipsi mayai ikikaangwa kwa mafuta masafi ni chakula halali cha mtu anayetoka zamu saa 4 usiku. Tazama mafuta: yakiwa meusi na yanatoa povu dogo dogo lisiloisha, yamechoka. Agiza mishkaki.

Na onyo moja la usiku: wali au pilau ya mchana iliyokaa sufuriani bila moto tangu saa 8 usiinunue saa 2 usiku. Kuna bakteria wa wali wanaoacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

#10 Mkaazi_Ngamiani

Nakazia yote. Niongeze ratiba mbili zinazowakosesha wageni chakula.

Ijumaa, kati ya saa 6 na nusu na saa 7 na dakika 45 mchana, hoteli nyingi za Ngamiani zinafungwa kwa swala. Usifike saa 7 kamili ukaanza kulalamika. Fika saa 6, au subiri saa 8, ambapo pilau ya Ijumaa inakuwa ndiyo kwanza inafunuliwa.

Ramadhani mchana usitegemee kitu Ngamiani, na usile hadharani hata ukipata, ni heshima. Lakini usikwepe mji mwezi huo. Kuanzia saa 10 jioni barabara za namba zinajaa futari: magimbi na mihogo ya nazi, ndizi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, tende. Vingi vya hivyo mwaka mzima viko majumbani tu. Nunua saa 11, maana magharibi ikiingia watu wako majumbani wanafuturu na meza zimeinuliwa. Kisha rudi saa 3 usiku baada ya tarawehe, makaa yanawashwa mpaka daku.

#11 Mgeni_wa_Bandari

Asanteni mno. Swali la mwisho: narudi Dar Jumapili kwa basi la asubuhi. Nataka kubeba maziwa ya mgando, mkate wa ajemi na samaki. Inawezekana?

#12 Binti_Makorora

Inawezekana, ila kila kimoja kwa namna yake.

Maziwa: Tanga maziwa ni shughuli ya wafugaji wadogo tangu ule mradi wa ng'ombe wa maziwa wa miaka ya 1980 uliosaidiwa na Uholanzi, na kiwanda cha Tanga Fresh kinayakusanya. Mtindi wake wa pakiti unaupata hata Dar, usijisumbue kubeba. Kinachofaa kubebwa ni mgando wa nyumbani, na huo uchukue siku ile ile kwenye chupa ya mdomo mpana, usiijaze, acha vidole 3, maana gesi yake ikitikiswa kilomita 350 inafungua kifuniko. Ifunge kwenye gazeti na mfuko wa barafu.

Ajemi: usiifunge ya moto, mvuke unaigeuza tope. Iache ipoe dakika 15 juu ya ungo, kisha kitambaa cha pamba, siyo nailoni. Ukifika, nyunyiza maji kidogo kwa vidole na uipashe kwenye kikaango kikavu dakika 1 kila upande.

Samaki mbichi wa Jumapili asubuhi sahau, basi linaondoka kabla hujafika Deep Sea. Nunua Jumamosi saa 3 asubuhi, atolewe matumbo na matamvua pale pale, aoshwe kwa maji ya bahari, agandishwe usiku kwa mtu mwenye friza. Asafiri kwenye boksi lenye barafu chini na juu, na tundu dogo la kutolea maji lililozibwa kwa kitambaa, kwa sababu makondakta hawapokei boksi linalovuja. Ng'onda hawana masharti yote haya, ila wafunge mara 3, abiria wenzako watakushukuru.

#13 Nahodha_Sahare

Jumamosi hiyo mwezi ni wa ngapi? Hesabu kwanza. Kama ni maji mafu, acha pweza, beba changu.